Dume Mweusi na Mchoma Kababu wa Basotu

Mimi majina hayanipotei. Shuleni nilikaa kidogo tu, nikatolewa nikachunge ndama, lakini nitajie mtu yeyote wa Balangdalalu nikutajie mama yake, na mama wa mama yake, na ng'ombe aliyekamuliwa siku walipooana. Jina moja tu halijapita mdomoni mwangu tangu nilipoolewa. Ni jina la baba wa mume wangu. Kwetu Wabarabaig mwanamke hamtaji mkwe wake. Hata neno la kawaida likifanana na jina lake unalikwepa, unatafuta jingine, mpaka mgeni anadhani una kigugumizi. Kwa hiyo nitamwita kama walivyomwita watu wa mnada wa Basotu: Mchoma Kababu.

Utasema kababu ni chakula cha Wahindi, Mbarabaig kaitoa wapi? Aliitoa Mbulu. Ujanani ng'ombe wa baba yake waliisha kwa ugonjwa, akashuka kwenda kutafuta kazi, akapokelewa na Mhindi mmoja mwenye duka. Alianza kwa kupasua kuni. Kisha akaitwa jikoni kushika nyama, akabaki humo miaka mingi. Aliporudi Basotu hakuja na nguo wala baiskeli kama wenzake waliotoka kazini. Alikuja na visu viwili, na vyuma bapa vya kuchomea vimefungwa kwenye gunia, virefu kama mkono wa mtu mzima. Wazee walimcheka. Wakamwuliza, "Umeenda kwa Wahindi umerudi na mikuki ya watoto?" Aliyeuliza hivyo aliitwa Gidahoda. Gidahoda aliondoka pale ameshika sikio, na sikio lile halikukaa sawa tena.

Nikuambie alivyofanya kazi, maana ndani ya kazi yake ndimo alimokuwa yeye mwenyewe. Nyama ya paja aliikata kwa visu viwili juu ya kisiki cha mgunga, huku na huku, ta-ta-ta-ta, mpaka ikawa laini kama udongo wa kufinyangia chungu. Mashine za kusaga zilipofika hakuzitaka. "Mashine inatafuna," alisema. "Nyama iliyokwisha kutafunwa unampaje mtu mwenye meno?" Kitunguu alikikatakata, akakifunga kwenye kitambaa, akakinyonga hadi maji yote yakatoka, kwa sababu kitunguu chenye maji huangusha nyama motoni. Akatia tangawizi, kitunguu saumu, giligilani, pilipili na bizari. Mwisho akatia mafuta ya mkia wa kondoo, wa hawa kondoo wetu wenye mkia mpana. Mafuta ya mkia yakikosekana hakuwasha moto siku hiyo, hata kama mnada umejaa.

Kisha alilowesha mkono, akachukua tonge la nyama, akalikamatisha kwenye chuma, akalibana kwa vidole vinne toka juu hadi chini. Kababu ikishaiva alama za vidole hazifutiki. Zinabaki pale juu, nne nne, kama nyayo za mnyama. Watu walikuja toka Gehandu wakizijua kababu zake kwa alama hizo. Sisi wa nyumbani tulizijua mahali pengine pia. Mama mkwe wangu alikuwa nazo shingoni.

Sitaki kusema alikuwa mkali. Mkali ni mwalimu, mkali ni mbwa. Yeye alikuwa mtu ambaye mkono wake ulifika kabla ya neno lake. Mnadani alikuwa na pipa lililopasuliwa katikati, makaa yanawaka ndani yake, na chuma kimoja alikiacha motoni kila wakati bila nyama. Wageni walidhani amekisahau. Siku moja dereva wa lori la ngano alionja kababu akasema, "Mzee, hii tamu, ila lete nyanya ya chupa niipakae." Mchoma Kababu akauliza taratibu, "Nini?" Dereva, maskini, akarudia. Kile chuma cha bure kikatoka motoni kikampita shavuni. Nilisikia ngozi ikilia. Dereva akaruka juu ya benchi la mwuza chai, akakimbia na kababu yake mkononi.

Paskali, Mwiraqw aliyekuwa akichinja kwenye bucha ya jirani, akapiga kelele, "Mzee, utaua wateja!"

"Huyo si mteja," akasema. "Mteja hula kwanza."

"Amekula, mzee! Ameondoka nayo!"

Akatazama kule alikokimbilia yule dereva, akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, hilo nalo niliseme. "Basi atarudi," akasema. Na kweli alirudi mnada uliofuata, ana kovu, akaagiza mbili, akala bila nyanya.

Yeye mwenyewe hakula kababu. Hilo lilishangaza watu. Alikunywa maziwa, basi. Nilimwuliza mama mkwe sababu, akasema, "Kwa Mhindi alikatazwa kuonja. Akionja anapigwa. Amezoea." Kipigo nacho alikizoea hukohuko, nadhani, kwa sababu alikuwa na mistari mgongoni ambayo haikuwa ya fimbo ya mchungaji. Lakini hakumsema vibaya yule Mhindi. Alisema, "Alinipiga, akanifundisha." Kwake hayo mawili yalikuwa kitu kimoja, na wanawe wote alijaribu kuwafundisha. Mume wangu ana kidole kisichokunjika. Hakuna hata mmoja aliyejifunza kuchoma kababu.

Kipofu mmoja, mzee Safari, alikuwa akiketi karibu na pipa. Kababu ya kwanza ya kila mnada ilikuwa yake. Mchoma Kababu aliipoza kwanza kwa kuipepea na kofia, kisha akamwekea kiganjani, akimwambia, "Shikamoo mzee, kula." Siku kijana mmoja alipomdanganya kipofu yule akamwekea jiwe kiganjani, wenzake wakicheka, Mchoma Kababu alimkamata kijana akamlaza chali, akampiga meno kwa jiwe lile lile. Damu ilitoka puani na mdomoni. Mzee Safari akawa anauliza, "Kuna nini? Kuna nini jamani?" Naye akamjibu kwa sauti ya upole kabisa, "Hakuna kitu, mzee. Kula."

Kuna siku nyingine ya mwizi wa ng'ombe. Alikamatwa mnadani hapo hapo, anauza dume la watu. Unajua jinsi watu wanavyokuwa. Dakika ile ile fimbo, mawe, mikuki, na mtu mmoja anakuja mbio na mafuta ya taa. Mwizi alikuwa amekwisha kuvunjwa mkono, anatambaa. Akatambaa hadi chini ya pipa la makaa. Mchoma Kababu akatoka mbele na vyuma viwili vyekundu, kimoja kila mkono.

"Huyu amekula kwangu asubuhi," akasema. "Aliyekula kwenye moto wangu hafi mbele ya moto wangu."

"Mzee, ni mwizi!"

"Nimesikia. Nani anaanza?"

Hakuanza mtu. Mmoja alijaribu kupita ubavuni, akachomwa paja, akaanguka akipiga mayowe. Wakasimama hadi wakachoka, wakaenda kuita mgambo. Walipokwenda, Mchoma Kababu aliweka vyuma chini, akamvuta mwizi kwa nywele kutoka mvunguni, akampiga mwenyewe, kimyakimya, kama mtu anayepura ngano. Kisha akampa maji. Mgambo walipofika walimkuta mwizi hana meno ya mbele, amekaa kwenye benchi anakunywa kutoka kwenye kata ya Mchoma Kababu.

Maji. Sasa nimefika kwenye maji, na hapa ndipo habari yake ilipo.

Mtoto wangu wa mwisho ni msichana, Udaghweng'a. Nilipomzaa nilikaa ndani na mama mkwe, kama inavyopasa. Mwanamke aliyetoka kuzaa anachinjiwa kondoo. Mafuta ya mkia wa kondoo huyo yanayeyushwa, anakunywa yeye peke yake ili damu irudi na maziwa yashuke. Mafuta hayo hayaguswi na mtu mwingine. Na nyumba ya mzazi, mwanamume haingii, mkwe ndiyo kabisa.

Siku kondoo wangu alipochinjwa, kesho yake ulikuwa mnada mkubwa baada ya mavuno, watu wa mashamba ya ngano wamelipwa, na Mchoma Kababu hakuwa na mafuta ya mkia. Alikuwa amezunguka Basotu nzima hakupata. Nikasikia sauti yake nje.

"Mke wangu, toa huo mkia."

Mama mkwe akajibu toka ndani, "Ni wa mzazi."

"Kondoo ni wangu."

"Kondoo alikuwa wako. Sasa ni wa mzazi. Nenda."

Akaingia. Nilimwona akiinama mlangoni, mkononi ameshika chuma kimoja cha kuchomea, nadhani alikuwa akikisafisha alipopata wazo lile. Niligeuza uso ukutani, maana mkwe hatazamwi, na mimi nilikuwa kifua wazi nanyonyesha. Nikasikia chungu kinaburutwa. Nikasikia mama mkwe akisema, "Thubutu." Kisha nikasikia mfupa.

Nilipogeuka alikuwa amepiga magoti, taya limekwenda upande, damu inadondoka kwenye ngozi niliyolalia. Bado ameshika chungu. Mchoma Kababu akainua chuma mara ya pili. Mimi nilikuwa na mtoto mkono mmoja, nikanyosha ule mwingine. Chuma kilinishukia hapa, chini ya kiwiko, nyama ikafunguka hadi weupe ukaonekana. Mtoto hakuguswa. Yeye akachukua chungu, akatoka.

Mnada ule aliuza kababu hadi jua likashuka. Watu walizisifu, wakasema leo mafuta ni mazuri.

Sasa, mtu wa nje anaweza kufikiri kwetu mwanamke hana pa kwenda. Anapo. Mwanamume akimkosea mwanamke katika mambo ya uzazi, wazee wa kiume hawaulizwi. Wanawake wanakutana wao wenyewe chini ya mti, wote, hata wale wa mbali, na fimbo zao. Walikuja toka Gehandu, toka Balangdalalu, njia ikajaa nguo za ngozi. Aliyewaongoza ni Udamasi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mama mkwe hakuweza kusema, taya limefungwa kwa kitambaa. Mimi nilionyesha mkono. Ilitosha.

Hukumu ilikuwa dume mweusi, asiye na doa. Faini hiyo huletwa hai. Wanawake wanamwua wenyewe kwa fimbo, chuma hakimgusi, na mwanamume haonji hata mfupa. Wakamfuata Mchoma Kababu mnadani, wakamzunguka yeye na pipa lake.

"Dume!" akasema. "Kwa ajili ya mkia wa kondoo?"

"Kwa ajili ya mzazi," akasema Udamasi.

"Nendeni mkachunge watoto. Wewe Udamasi, mumeo hana fimbo?"

Udamasi hakukasirika. Alitema mate mbele ya makaa, akasema maneno yetu ya laana, akamalizia hivi, nami nilisikia: "Basi hutapokea maji mkononi mwa mwanamke. Ukianguka hutainuliwa na mwanamke. Ukifa hutaliliwa na mwanamke, mpaka dume huyo aanguke." Wanawake wote wakageuka wakampa migongo, mamia ya migongo, wakaondoka. Waliokuwa wanakula kababu walijifuta midomo polepole. Mzee Safari akauliza, "Kuna nini?" Siku hiyo hakujibiwa.

Wanaume wadogo hulicheka jambo hili hadi liwapate. Yeye alilicheka. Alihamia chumba kimoja cha udongo nyuma ya mnada, akawa anachota maji ziwani mwenyewe, anafua mwenyewe. Mwanamke akimwona njiani anavuka upande wa pili. Mwuza uji anamruka. Hata mabinti zake walipita wakitazama mlima. Wanaume waliendelea kula kwake, na wageni, lakini nyumbani hakuna mwanamume wa Kibarabaig aliyesema amekula kababu, kwa sababu mkewe angemwuliza ameosha mikono wapi. Mkono wake ukazidi kuwa mwepesi. Alimvunja Paskali ubavu kwa ajili ya nyama iliyochelewa. Akapigana na watu wawili wa Singida akamtoboa mmoja paja, akalala mahabusu, akarudi, akawasha moto.

Miaka ilipita, Udaghweng'a akaanza kuchunga mbuzi, ndipo tukaona kitu. Asubuhi ya siku tuliyokutana wanawake kwa jambo jingine, akatokea Mchoma Kababu anasukuma mkokoteni. Juu yake masinia, yamefunikwa kwa nguo safi. Akasimama mbali kidogo, kichwa wazi.

"Dume mweusi," akasema. "Asiye na doa. Nilimnunua mwenyewe, nikamchinja mwenyewe, na sikulala. Dume zima hili hapa."

Akafunua. Kababu. Masinia na masinia ya kababu, dume zima limekatwa kwa vile visu viwili, limetiwa saumu na giligilani, kila moja na alama zake nne. Moshi wake ulikuwa mtamu jamani. Sijawahi kuona kazi kama ile. Visu viliacha malengelenge viganjani mwake, aliyanyosha tuyaone. Nilielewa alichokuwa akisema. Alikuwa ametuletea kitu bora alichonacho. Nilielewa pia kwamba hakuelewa chochote. Dume alikwisha kuguswa na chuma, na chuma ni kile kile. Alikwisha kufa mkononi mwa mwanamume. Hapakuwa na kitu cha sisi kuangusha.

Mama mkwe akainuka. Taya lake liliungana vibaya, aliongea maneno yakitokea pembeni, na mate yakimchuruzika, alikuwa akiyafuta kwa kiganja. Alikwenda hadi kwenye mkokoteni, akachukua kababu moja, akaitazama zile alama, akaiweka shingoni mwake, mahali palepale. Zililingana. Kisha akalipasua sinia la kwanza kwa fimbo.

Ikawa vurugu. Fimbo zilishuka kwenye masinia, kwenye mkokoteni, kwake. Nyama iliruka. Mbwa walikuja toka kila boma. Alijikinga uso, hakurudisha pigo hata moja, na hilo ndilo lililonitisha, kumwona mtu yule anapigwa amesimama. Alipoanguka alianguka juu ya kababu zake. Udamasi akazuia. "Mwacheni. Mkimwua nani ataleta dume?"

Mama mkwe akamsimamia juu, akafuta mate. "Aje kwa miguu yake," akasema. "Dume aje kwa miguu yake. Na wewe uje kwa miguu yako."

Mama mkwe alikufa mwaka wa njaa, taya likimsumbua kila baridi hadi mwisho. Mchoma Kababu alisimama ng'ambo ya korongo tulipomzika. Mvua ndogo ilikuwa ikinyesha, hakuvaa kitu kichwani. Hakuna mwanamke aliyemtazama. Mimi nilitazama, kwa pembe ya jicho, kwa sababu nilitaka kujua kama analia. Mbali mno, sikuona.

Sasa nimfikishe mwisho wake. Alizeeka. Visu vikamshinda, vijana wakafungua majiko yao mnadani, wakauza kababu za nyama ya mashine zinazodondoka motoni. Akaanza kukohoa damu. Siku moja mume wangu akarudi toka kwake, akakaa.

"Baba amesema nikuambie jambo."

"Sema."

"Amesema: mwambie yule mwanamke wa nyumba yako nimechoka kuchota maji mwenyewe."

Nilipeleka habari kwa Udamasi. Alikuwa amepinda mgongo, haoni vizuri, lakini sauti ni ile ile. "Anao dume?" akauliza. Alikuwa naye. Alikuwa amemlea nyuma ya kile chumba chake toka ndama.

Wanawake walikusanyika kwetu, si wengi kama zamani, wengine wamevaa vitenge na viatu vya plastiki, mjukuu wangu mmoja ana simu mkononi anataka kupiga picha, Udamasi akaipiga kwa fimbo ikaanguka. Tukasubiri. Vijana walimsaidia Mchoma Kababu hadi kwenye miti ya michongoma, wakamwachia kamba hapo, maana toka hapo ilikuwa lazima aje peke yake. Ni mwendo mfupi. Mtoto angeukimbia. Yeye alikuja hatua, anasimama, anakohoa, hatua. Dume mweusi tii, mnene, anang'aa, anafuata kwa upole kama mbuzi.

Katikati akapumzika, akaegemea shingo ya dume. Sijui kama ni moshi au ni damu aliyoikohoa mkononi, miaka yote ile ya damu kwenye nguo moja. Dume alinusa. Akainua kichwa. Mume wangu akapiga kelele, "Baba, achia kamba!" Hakuachia. Pembe ilimwingia chini ya mbavu, ikamwinua, nikaona nyayo za miguu yake zote mbili hewani, zina vumbi. Akashuka. Bado ameshika kamba. Dume akamburuta, na kwa kuwa alielekea langoni kwetu, akamburuta hadi langoni kwetu.

Udamasi akachukua kamba kwenye mkono wake. Ilibidi afungue kidole kimoja kimoja.

"Umepokea?" Mchoma Kababu akauliza.

"Nimepokea."

"Nipeni maji."

Kibuyu nilikuwa nacho mimi. Nilikuwa nimekishika toka asubuhi. Nikapiga hatua, Udamasi akanizuia kwa fimbo kifuani.

"Bado. Dume amesimama."

Wanawake wakaanza. Wewe hujaona dume anavyouawa bila chuma. Fimbo zinashuka, zinavunjika, wanachukua nyingine. Anazunguka, anapiga teke, Udang'anda, mmoja wetu, akatupwa kwenye ua akainuka analia na fimbo yake akarudi. Povu, mavumbi, damu puani mwa dume. Mchoma Kababu aliegemea ua wa miiba, mkono tumboni, vitu vya ndani vinataka kutoka kati ya vidole. Midomo imekauka imekuwa myeupe. Nami nimesimama na maji, hatua tatu nne toka kwake. Nilimtazama dume, nikamtazama yeye, nikamtazama dume. Nilikuwa nasema moyoni, anguka. Sikuwahi kudhani nitamwombea mtu yule kitu.

"Nyuma ya masikio," akasema. Sauti haikutoka vizuri. "Mpigeni nyuma ya masikio. Mnamtesa."

Udamasi akamgeukia. "Leo wewe ndiye mwalimu wa huruma?"

"Ya nyama, naijua," akasema.

Wakampiga nyuma ya masikio. Magoti ya mbele yakakunjika, halafu ya nyuma, dume akalala ubavu kama nyumba inayobomoka. Udamasi akaondoa fimbo kifuani pangu.

Nilikwenda nikapiga magoti, uso nimegeuza pembeni kama inavyompasa mkwe, nikanyosha kibuyu. Mkono niliounyosha ulikuwa huu wenye kovu, sikuuchagua, ndio mkono wangu. Nikasikia akinywa. Alikunywa kwa pupa, kisha taratibu, kisha akapumzika.

"Yale mafuta," akasema, "yalikuwa yako."

Nilikuwa nimengojea neno hilo tangu Udaghweng'a akiwa mchanga, nimelitungia majibu mengi ya kumchoma. Nikasema, "Kunywa, baba."

Akanywa tena. Safari hii maji hayakushuka, yalirudi mekundu, yakamwagika kwenye kiganja changu. Kibuyu kikawa kizito ghafla, maana mkono wake ulikuwa umekiangukia. Nilipogeuza uso, ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mkwe wangu machoni, na macho hayakuwa yakitazama.

Wanawake walikuwa wanahema, fimbo mikononi, wanamtazama Udamasi. Walikuwepo pale waliopigwa naye, na waliopigiwa waume, na Udang'anda goti linavuja damu. Udamasi alikwenda akamgusa dume jicho kwa kidole kuhakikisha. Halikupepesa. Akaitupa fimbo yake chini.

"Sasa," akasema.

Tukalia. Sauti ilipanda toka pale langoni, wakaitikia wanawake wa boma la pili na la tatu. Wenzangu walimwita kwa jina lake, mara nyingi, jina ambalo mdomo wa mwanamke ulikuwa haujalisema kwa miaka yote ile. Mimi ninayekumbuka majina ya watu wote nilipiga magoti pale, maji na damu yake mkononi, nikamlilia bila jina.